Mapinduzi si maasi, himaya si koloni: maneno ya kushika unaposoma karne ya vita

Januari 1964 ilikuwa nzito kwa Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 12, huko Unguja, serikali ya Sultani Jamshid bin Abdullah iliangushwa, mwezi mmoja na siku mbili tu baada ya Zanzibar kupokea uhuru kutoka kwa Waingereza. Tarehe 20, askari wa kambi ya Colito mjini Dar es Salaam, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Kabla wiki haijaisha, wenzao wa Jinja nchini Uganda na wa Lanet nchini Kenya walikuwa nao wamegoma kutii.

Bunduki zimeshikwa, serikali inatikisika, watu wamejifungia ndani wakisikiliza redio. Kwa aliyekuwa dirishani mambo hayo yalifanana. Hata hivyo la Unguja tunaliita mapinduzi, la Colito tunaliita maasi, na ni nadra kumsikia mtu akiyachanganya. Ukimwuliza kwa nini, atasita.

Kusita huko ndiko kulikonifanya niandike. Nimewaona wanafunzi wengi wakiyakariri maneno ya historia ya dunia (mapinduzi, himaya, ubeberu, koloni, udhamini, mkataba) kama mtu anayekariri majina ya mifupa ya mwili. Wanafaulu mtihani, kisha wanabaki bila kujua kwamba maneno haya yana wenyewe. Kila moja lilitamkwa kwanza na mtu aliyekuwa na jambo lake, na nyuma ya mengi kuna sheria iliyoamua nani anyongwe, nani abaki na shamba, na nani asikilizwe.

Chombo kilichopinduka

Tuanze na mapinduzi, maana hapo Kiswahili kina utajiri na kina tatizo. Utajiri uko kwenye mzizi. Mtu wa pwani akiambiwa chombo kimepinduka, hamwazii nahodha aliyebadilishwa. Anaona tanga liko majini na mkuku uko juu. Hiyo ndiyo picha sahihi ya mapinduzi kwa maana yake kamili: waliokuwa chini wako juu, na utaratibu uliokuwa ukiamua nani ni nani umegeuka. Zanzibar, mwaka huohuo wa 1964, ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na baadaye familia zikaanza kugawiwa eka tatu tatu. Unaweza kuyasifu mapinduzi yale au kuyalilia, na wapo Wazanzibari wa pande zote mbili wenye sababu zao. Kwamba chombo kilipinduka, hilo halina ubishi.

Tatizo ni kwamba neno hilohilo tunalitumia pia pale nahodha peke yake anapotupwa baharini. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alichukua madaraka Uganda wakati Rais Milton Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Magazeti yaliandika mapinduzi. Lugha nyingi za Ulaya zina maneno mawili tofauti kwa mambo haya mawili. Sisi tunalazimika kuongeza kivumishi, mapinduzi ya kijeshi, na mara nyingi hatukiongezi. Ndiyo maana wanafunzi wanaweza kuandika insha nzima wakilinganisha Ufaransa ya 1789 na mapinduzi ya kijeshi ya juzi huko Sahel kana kwamba ni mambo ya aina moja. Ushauri wangu: ukikutana na neno mapinduzi, uliza mwaka mmoja baadaye ardhi ilikuwa ya nani, kodi alilipa nani, na mahakamani nani alisimama sawa na nani. Kama majibu ni yaleyale ya zamani, ulichokisoma ni kupinduliwa kwa serikali.

Kipimo hicho kinasaidia sana unapofika Urusi ya 1917, ambako mambo yalitokea mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Machi mwaka huo wanawake wa Petrograd waliingia barabarani kudai mkate, wafanyakazi wa viwandani wakawafuata, askari waliotumwa kuwatawanya wakakataa kupiga risasi, na ndani ya wiki moja Tsar Nicholas wa Pili akaachia kiti. Ilikuja serikali ya muda, na serikali hiyo ikaendelea na vita dhidi ya Ujerumani. Novemba, Wabolsheviki wakiongozwa na Lenin waliiondoa. Ukitazama usiku ule peke yake, vikosi vinashika madaraja, ofisi ya simu na ikulu, utasema ni mapinduzi ya kijeshi kama mengine. Lakini mara tu baada ya hapo ilitolewa amri ya kuwanyang'anya makabaila ardhi bila fidia, na wakulima, ambao katika sehemu nyingi walikwisha kuanza kujigawia wenyewe, wakapata baraka ya dola. Chombo kikapinduka. Wanahistoria bado wanabishana juu ya usiku ule, na ubishi wao kwa sehemu kubwa ni ubishi juu ya maana ya neno hili.

Kuna mitego midogo ya Urusi inayowaangusha watu bure. Mapinduzi ya Oktoba yalitokea Novemba kwa kalenda yetu, kwa sababu Urusi ilikuwa bado inafuata kalenda ya Julius iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Yale ya Machi nayo huitwa ya Februari kwa sababu hiyohiyo. Bolsheviki maana yake ni watu wa upande wa wengi, jina walilolipata kwenye kura za mkutano wa chama mwaka 1903, na walilishika hata nyakati walizokuwa wachache. Na sovieti, neno lililokuja kuwa jina la dola kubwa kuanzia Desemba 1922, maana yake ni baraza tu. Umoja wa Kisovieti ni umoja wa mabaraza. Ukilijua hilo, kilio cha 1917 cha kutaka madaraka yote yaende kwa mabaraza kinaeleweka hata na mtu wa kijijini.

Nani anaitwa mwasi

Sasa turudi kwa askari wa Colito. Hawakutaka kuigeuza nchi. Walitaka mshahara na vyeo, na walivunja kiapo cha utii kwa kuvidai kwa silaha. Ndiyo maasi. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu na lina harufu ya dini: maasi ni madhambi, na mwenye kuasi ni aliyemvunjia amri yule anayestahili kutiiwa. Kwa jeshi neno linafaa, maana askari kweli aliapa. Kasoro huja linapovikwa watu ambao hawakumwapia mtu yeyote.

Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba katika mashamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuyalima. Habari za maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyosemwa kugeuza risasi kuwa maji, zilikuwa zimeenea kusini, na vita vikasambaa hadi Ungoni. Kwenye nyaraka za Kijerumani hayo ni maasi. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, na mwanzoni mwa 1906 Songea Mbano na wenzake wengi walinyongwa pia. Hapa neno linafanya kazi yake: askari wa nchi adui akishikwa ni mateka wa vita na ana haki zake, lakini mwasi akishikwa ni mhalifu na kamba inamngoja. Kisha jeshi likachoma maghala na mashamba, ikaja njaa. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 75,000 na hufika 300,000. Sisi leo tunasema Vita vya Maji Maji, na nasisitiza tuendelee kusema hivyo, maana kusema vita ni kukubali kwamba kulikuwa na pande mbili, kila mmoja na nchi yake ya kuitetea.

Kenya ilipita njia hiyohiyo nusu karne baadaye. Oktoba 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari. Walikataa katakata kuiita vita, na wapiganaji wa Mau Mau zaidi ya elfu moja walinyongwa kama wahalifu wa kawaida. Chama chenyewe kiliendelea kuwa haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Miaka kumi baada ya hapo serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000 walioteswa kwenye kambi. Njia ya kutoka magaidi hadi wazee wanaolipwa fidia ilichukua miaka 60.

Dola, milki, himaya

Kwa ule utawala mkubwa unaokusanya mataifa mengi chini ya kiti kimoja, Kiswahili kina maneno matatu, na waandishi huyabadilisha kama ladha tu ya lugha: Dola la Roma, Milki ya Osmani, himaya ya Uingereza. Mimi nayaona kama picha tatu za mnyama mmoja zilizopigwa kutoka pembe tofauti. Dola ni nguvu: jeshi, sheria, hazina. Milki ni mali, maana kumiliki ni kuwa na kitu mkononi kama chako. Na himaya, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ulinzi. Mtu akiwa katika himaya yako, umemkinga.

Neno hili la tatu ndilo lililoila Afrika Mashariki. Wajerumani waliyaita makoloni yao maeneo ya ulinzi. Kampuni ya Carl Peters, iliyozunguka Usagara na Uzigua mwishoni mwa 1884 ikikusanya misalaba ya machifu kwenye karatasi za Kijerumani, ilipewa na Kaisari barua ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa. Waingereza walitangaza ulinzi juu ya Zanzibar mwaka 1890, Uganda 1894, na nchi iliyokuja kuitwa Kenya 1895. Kumlinda mtu dhidi ya nani, hilo halikuandikwa.

Kisheria, nchi lindwa na koloni ni vitu viwili. Koloni ni ardhi ya mfalme wa Uingereza mwenyewe. Nchi lindwa inabaki ya kigeni, ina mtawala wake, ila mambo ya nje na ulinzi yameshikwa na mwenye nguvu. Mwanafunzi akisoma hivyo anaweza kudhani nchi lindwa ilikuwa na nafuu. Asikilize kisa cha Wamasai.

Mwaka 1904 Wamasai walitia sahihi makubaliano ya kuhama sehemu ya malisho yao ya Bonde la Ufa kuwapisha walowezi, wakiahidiwa kwamba Laikipia itakuwa yao daima. Mwaka 1911 wakaambiwa wahame Laikipia pia. Walienda mahakamani, na hukumu ilitoka 1913. Mahakama ilisema hii ni nchi lindwa, si ardhi ya mfalme, kwa hiyo Wamasai ni watu wa taifa la kigeni. Makubaliano yao na Uingereza ni mkataba wa nchi mbili. Na mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuamua juu ya mkataba wa nchi mbili. Kesi ikafia hapo. Ulinzi ulikuwa umewafanya wageni kiasi cha kukosa pa kushtakia, ingawa haukuwafanya wageni kiasi cha kubaki na malisho yao.

Mwaka 1920 nchi ikageuzwa koloni na kuitwa Kenya. Mwaka uliofuata hakimu mkuu aliamua, katika kesi ya ardhi ya Wakikuyu wawili, kwamba baada ya nchi kuwa ya mfalme Waafrika ni wapangaji wanaokaa kwa hiari ya mfalme. Chini ya neno la kwanza huwezi kushtaki kwa sababu wewe ni mgeni. Chini ya neno la pili huwezi kudai kwa sababu wewe ni mpangaji. Ndani ya miaka minane tu. Naomba msomaji ayakumbuke hayo kila anapokuta kwenye kitabu jedwali nadhifu linalopanga tofauti za koloni na nchi lindwa.

Na bado kipande kimoja hakikugeuzwa koloni. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiupanga kwake, kwa hiyo jina kamili la nchi lilikuwa Koloni na Nchi Lindwa ya Kenya. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Ngome ya Yesu, Mombasa, hadi Desemba 1963. Vuguvugu la Mwambao lilidai kwamba ulinzi ukiisha pwani ijiamulie yenyewe. Oktoba 1963 serikali za Kenya na Zanzibar zilikubaliana kwamba ukanda ule utakuwa wa Kenya. Anayeshangaa kwa nini miongo mingi baadaye walikuwepo vijana wa Mombasa wenye kauli kwamba pwani si Kenya, aanzie kwenye jina lile refu.

Ukoloni, basi, ni kuitawala ardhi ya watu wengine. Ubeberu ni mpana zaidi: ni ile hamu na mfumo wa kuwatiisha wengine, kwa kuwatawala au bila kuwatawala. Beberu ni mbuzi dume, mwenye pembe na harufu, anayewasukuma wenzake kwenye zizi, na yeyote aliyelichagua neno hili kwa jambo hili alijua kufuga. Ubeberu bila ukoloni ulionekana Zanzibar mwaka 1873: Sultani Barghash alikuwa mtawala huru, bendera yake, forodha yake, lakini balozi wa Uingereza John Kirk alipomtishia kwa manowari kuizingira bandari, alitia sahihi kufunga soko la watumwa. Kufungwa kwa soko lile ni jambo la kushukuriwa, na wakati huohuo namna lilivyofungwa ilionyesha nani anatoa amri Unguja. Historia huweka mambo mawili hayo katika siku moja bila kuomba radhi. Lenin aliandika mwaka 1916 kwamba ubeberu ni hatua ya juu kabisa ya ubepari, mtaji uliojaa nyumbani ukitafuta pa kwenda. Kwame Nkrumah akaja kuzungumzia ukoloni mamboleo kwa nchi zenye bendera na wimbo wa taifa lakini uchumi wake unaongozwa kutoka nje.

Vita na majina yake

Waliopigana vita ya 1914 hawakuiita ya Kwanza. Waliiita Vita Kuu, na namba ilikuja baada ya kuonekana nyingine. Ile ya pili nayo haina tarehe moja ya kuanza. Vitabu vinasema 1 Septemba 1939, Ujerumani ilipoivamia Poland. Mchina atakwambia ni Julai 1937, Wajapani waliposhambulia karibu na Beijing. Warusi huihesabu Vita Kuu ya Uzalendo yao kuanzia 22 Juni 1941. Na Mhabeshi ana haki ya kusema ilianza Oktoba 1935, Italia ilipoingia nchini mwake, na kwamba mfalme wake Haile Selassie alisimama Geneva Juni 1936 kuionya dunia na dunia ikampa kisogo. Tarehe ya kwenye kitabu ni tarehe ya Ulaya.

Sababu za vita ya kwanza huelezwa kwa neno ushirika wa kijeshi. Angalia usitumie muungano, maana kwetu muungano ni nchi mbili kuwa moja, na Ujerumani na Austria-Hungaria hazikuwa moja. Zilikuwa zimeahidiana kusaidiana zikishambuliwa, pamoja na Italia, tangu 1882. Uingereza, Ufaransa na Urusi zilikuwa na kitu chepesi zaidi, maelewano, na kwa Uingereza hayakuwa ahadi ya kupigana. Tofauti hiyo si ya mtihani tu. Italia ilikaa pembeni mwaka 1914 kwa hoja kwamba washirika wake hawakushambuliwa bali walishambulia, kisha 1915 ikaingia upande wa pili. Ahadi zinasomwa neno kwa neno pale damu inapotakiwa.

Neno lingine la kiangazi kile, ambalo vitabu vyetu hulitafsiri uhamasishaji, linapotosha. Kuhamasisha kwetu ni kutia watu moyo. Kilichofanywa na Urusi tarehe 30 Julai 1914 kilikuwa kuliweka jeshi lote tayari kwa vita: kuita askari wa akiba, kukusanya farasi, kushika treni zote. Ujerumani ilikuwa na mpango mmoja tu, kuipiga Ufaransa haraka kabla Urusi haijawa tayari, kwa hiyo kila siku ya maandalizi ya Urusi ilikuwa siku iliyopotea kwa Ujerumani. Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai; kufikia 4 Agosti karibu madola yote makubwa ya Ulaya yalikuwa vitani.

Handaki ni neno tulilokuwa nalo zamani, kutoka kwenye vita vya Madina vya mwaka 627 ambavyo kila mtoto wa chuoni anavijua. Huko Ulaya mahandaki yalienea kutoka mpaka wa Uswisi hadi bahari ya Kaskazini, na askari walikaa humo miaka. Kwetu vita haikukaa. Ilitembea, na iliyoibeba ilikuwa mabega ya watu. Neno askari lilipata umaarufu wake duniani katika vita ile. Aliyesahaulika ni mpagazi. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja, na idadi rasmi ya waliokufa inakaribia laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo, mahali pa kambi yao Dar es Salaam. Nairobi wana Kariokor. Wataalamu husema vita kamili kwa vita inayomeza nchi nzima, mkulima na mama na mtoto pamoja na askari, na kwa kawaida hutaja viwanda vya Ujerumani na Uingereza. Mimi nikisikia vita kamili naona soko la Kariakoo.

Kwa vita ya pili neno ninalotaka lisikosewe ni mauaji ya kimbari. Si kila mauaji ya watu wengi. Lilibuniwa mwaka 1944 na mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 9 Desemba 1948 ukaliwekea mipaka: lazima iwepo nia ya kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake, kwa sababu ni kundi hilo. Kiswahili kilifanya vizuri kuchukua mbari, ukoo, maana kinacholengwa ni uzao. Wayahudi milioni sita waliuawa na Wanazi. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hili ilisomwa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, kwa ajili ya Rwanda ya 1994. Nia ndiyo ngumu kuithibitisha, na ndiyo maana serikali hukwepa neno hili: Ujerumani ilisubiri hadi 2021 kulitamka rasmi juu ya Waherero na Wanama iliowaua Namibia kati ya 1904 na 1908.

Vita inaishaje

Vita haiishi siku moja. Saa tano asubuhi ya 11 Novemba 1918 mapigano yalisimamishwa Ulaya, na kusimamisha mapigano ni kuweka silaha chini tu. Jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini na askari wake wa Kiafrika, alipata habari siku chache baadaye na kusalimisha silaha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Amani yenyewe ilihitaji mkataba, nao ulitiwa sahihi Versailles tarehe 28 Juni 1919. Huko Korea mapigano yalisimamishwa Julai 1953 na mkataba wa amani haujaandikwa hadi leo.

Versailles ilileta fidia, na kifungu cha 231 kilichoibebesha Ujerumani na washirika wake jukumu la hasara zote, kilichowauma Wajerumani na kumpa Hitler hotuba za bure kwa miaka. Kwetu kilicholeta uzito ni kifungu cha 22. Makoloni ya Ujerumani hayakuitwa nyara. Yalikabidhiwa kwa washindi chini ya Shirikisho la Mataifa, kwa maelezo kwamba wenyeji hawajaweza bado kusimama wenyewe katika dunia ya sasa. Kwa lugha hiyo ya kudharau Tanganyika ilikwenda kwa Uingereza, Ruanda-Urundi kwa Ubelgiji, Afrika Kusini Magharibi, leo Namibia, kwa Afrika Kusini. Mwaka 1946 Umoja wa Mataifa uliiita Tanganyika nchi ya udhamini.

Wadhamini tunawajua. Msikiti una wadhamini, na mali ya msikiti si yao. Siku yoyote waumini wanaweza kudai hesabu. Waingereza walilikubali neno hilo wakidhani ni pambo, nalo likawafunga. Wameru walipoondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, mwenzao Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Ardhi hakurudishiwa, lakini alisikilizwa. Machi 1955, TANU ikiwa haijatimiza mwaka, Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini New York na kusema Tanganyika ni nchi ya Waafrika na inaelekea kujitawala. Mwezi huohuo Jomo Kenyatta alikuwa mfungwa Lokitaung. Kenya ilikuwa koloni, na mtu wa koloni hakuwa na baraza la kupeleka shauri lake. Siamini kwamba neno moja ndilo lililotofautisha njia za nchi hizi mbili. Walowezi na ardhi vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Lakini mlango ulikuwepo upande mmoja na haukuwepo upande wa pili.

Afrika Kusini iliusoma udhamini vizuri kuliko wote, ikakataa kabisa kuiweka Namibia chini yake. Iliendelea kuishika kwa hati ya zamani ya Shirikisho la Mataifa, hata baada ya shirikisho lenyewe kufa. SWAPO, wapigania uhuru wa Namibia, ambao kambi yao ya mafunzo ilikuwa Kongwa, Dodoma, walishika silaha. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatamka mwaka 1971 kwamba kukaa kule si halali. Bendera ya Namibia ilipandishwa 21 Machi 1990, miaka 70 tangu nchi hiyo ilipokabidhiwa kwa mlezi ambaye haikumwomba.